Zambarau inapauka, vanila inageuka chai: nichukue unga wa UV, glasi za kahawia, au niache rangi?

Tambi_Sinza (Jumatatu, saa 3:10 usiku)
Wakuu, salaam. Nina oda ya mishumaa 120 ya glasi kwa duka la zawadi Mikocheni. 80 ni zambarau, 40 rangi ya maziwa yenye harufu ya vanila. Sampuli zilikaa dirishani mwa duka hilo wiki mbili. Zambarau imekuwa pinki iliyochoka, ile ya maziwa imekuwa kama chai ya maziwa. Mwenye duka bado anaitaka oda, ila ametoa sharti: isibadilike.

Hela inatosha jambo moja tu kati ya haya:
A. Unga wa kuzuia UV (mionzi ya jua isiyoonekana, inayopausha rangi) wa kuchanganya kwenye nta.
B. Kubadili glasi, ziwe za kahawia.
C. Kuacha rangi kabisa. Mishumaa yote nyeupe, rangi ibaki kwenye lebo na utepe.

Naomba waliowahi kufanya waseme. Naagiza malighafi kabla ya Ijumaa.

Bwana_Sufuria (saa 3:22 usiku)
Nta gani? Rangi ya maji, ya unga au ya vipande? Manukato asilimia ngapi? Unayeyushia kwenye nini? Dirisha linatazama wapi? Umetueleza ya mwenye duka yote, ya jikoni kwako hujagusa hata moja.

MamaAsmini (saa 3:31 usiku)
C, wala usiumize kichwa. Zambarau ndiyo ya kwanza kufa, inafuatiwa na buluu na pinki. Njano na kahawia ndizo zinazovumilia. Mshumaa mweupe kwenye glasi safi, utepe wa zambarau shingoni. Utepe ukipauka unabadilishwa, mshumaa haubadilishwi.

mgeni_wa_nta (saa 3:40 usiku)
Mbona rangi zile za watoto za kuchorea, zile za nta, hazipauki? Katia kipande kimoja kwa kila glasi, bei ya kutupa.

Bwana_Sufuria (saa 3:44 usiku)
Hazipauki haraka kwa sababu ni pigmenti, yaani chembe ngumu. Haziyeyuki ndani ya nta, zinaelea tu. Mshumaa ukiwaka, utambi unavuta nta iliyoyeyuka pamoja na hizo chembe, zinajazana kwenye nyuzi. Mwali unashuka mpaka unakuwa punje ya mchele, kisha unazama. Pigmenti ni ya kuchovyea nje ya mshumaa wa kusimama, tabaka jembamba ambalo utambi haulifikii. Ndani ya glasi usitie. Maika, ule unga wa kumeta, nayo vilevile, na ule unga mweupe wa titani pia, kabla hajatokea wa kuutaja.

Kemia_Changombe (saa 4:05 usiku)
Tambi, usichanganye madesa. Una magonjwa mawili na unatafuta dawa moja.

Zambarau inapauka. Mwanga unazivunja molekuli za rangi. Zambarau nyingi za dukani ni nyekundu na buluu zilizochanganywa, na hazifi kwa mwendo mmoja. Kwako imebaki pinki, kwa hiyo buluu ndiyo imetangulia. Wengine hubakiwa na kijivu chenye ubuluu, hapo nyekundu ndiyo imeondoka.

Ya vanila haijapauka, imekolea. Hiyo ni vanilini iliyomo ndani ya manukato. Inaoksidika pole pole ikikutana na hewa. Joto na mwanga vinaisukuma iende haraka, lakini hata ukiifungia kabatini itafika kwenye kahawia, kwa kuchelewa tu. Unga wa UV hauizuii.

Kabla hujatoa hela, fanya jaribio hili. Chukua mishumaa miwili ya kila aina. Wa kwanza ufunge foili nusu ya chini, uweke panapopigwa na jua la alasiri. Wa pili uweke kabatini gizani. Angalia siku ya 3, ya 7 na ya 14. Ukifungua foili ukakuta mstari mkali kama umechorwa kwa rula, juu pamepauka na chini pako vilevile, tatizo ni mwanga. Ukikuta hakuna mstari, juu na chini kote kahawia, na ule wa kabatini nao unafuata, basi ni manukato. Hapo glasi ya kahawia itakusaidia kuficha tu.

Tambi_Sinza (saa 4:20 usiku)
Asante mkuu. Nta ni parafini, zile slabu. Rangi ya unga. Manukato nafuata maelekezo ya chupa. Dirisha ni kubwa, linapata jua.

Bwana_Sufuria (saa 4:23 usiku)
"Maelekezo ya chupa" si asilimia. "Linapata jua" si upande. Na la sufuria umeliruka.

Upande_wa_Jua (Jumanne, saa 12:50 asubuhi)
Upande una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Kuanzia kama katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana linapita upande wa kusini, miezi iliyobaki linapita kaskazini. Dirisha linalotazama kusini linapumzika tangu Aprili hadi Septemba, la kaskazini linapumzika Desemba. Linalotazama magharibi halipumziki kabisa. Mwaka mzima linapigwa na jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili, linaingia kwa mshazari mpaka rafu ya ndani. Kama duka linatazama magharibi, sampuli zako zilipata kipigo cha juu kabisa, wala usizifanye kipimo cha rafu ya kawaida.

Na wanaosema "lakini kuna kioo": kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia sehemu ile ya UV inayobabua ngozi, lakini sehemu ndefu, UVA, kinaipitisha kwa wingi, na hiyo inatosha kuua rangi. Kioo cha tabaka mbili chenye plastiki katikati, kama cha mbele ya gari, ndicho kinachozuia karibu yote.

Nyuki_wa_Tabora (saa 2:15 asubuhi)
Parafini ndiyo inayowaponza. Nta ya nyuki haipauki. Ina rangi yake ya asili, haihitaji unga wala dawa.

Kemia_Changombe (saa 2:40 asubuhi)
Nyuki, hapo hapana. Nta ya nyuki inapaushwa na jua vizuri sana, na ndiyo njia ya zamani ya kuifanya nyeupe: inamiminwa iwe utepe mwembamba, inaanikwa juani, inageuzwa siku kadhaa mpaka njano iondoke. Mshumaa mnene unachukua muda mrefu tu, kwa sababu jua linafika juu juu.

Nyuki_wa_Tabora (saa 2:58 asubuhi)
Hiyo ni utepe, wala si mshumaa. Weka mshumaa wa gramu 200 wa nta ya Tabora, niletee picha baada ya miezi mitatu. Na ule weupe unaotokea juu usiuite kupauka. Ni ukungu wa nta yenyewe, unafutika kwa kitambaa laini kilichopashwa, au upepo wa drayaa sekunde chache.

Kemia_Changombe (saa 3:05 asubuhi)
Ukungu ni kweli, unaondoka kwa drayaa. Lakini ukitia rangi ya zambarau kwenye nta ya njano unapata tope. Kwa oda yake haisaidii.

MamaAsmini (saa 3:20 asubuhi)
Kwa hiyo tunarudi C.

SoyaTu (saa 4:00 asubuhi)
Mbona hakuna anayetaja soya? Rangi zake ni laini, mteja hategemei zambarau kali, kwa hiyo hata ikififia kidogo haishtui. Rangi ya maji yenye asili ya mafuta, manukato asilimia 8, koroga dakika mbili kamili, mimina ikifika nyuzi 57 hadi 60.

Bwana_Sufuria (saa 4:12 asubuhi)
Soya na rangi iliyokolea ni ugomvi. Inatoa zile alama nyeupe kama chumvi ukutani mwa glasi, ambazo si kupauka bali fuwele za soya zinazojipanga upya. Kwenye nyeupe huzioni, kwenye zambarau zinaonekana toka mlangoni. Kupasha glasi kabla ya kumimina na kupoza pole pole mbali na feni hupunguza, hakumalizi. Halafu nta nyingi za soya za glasi zinayeyuka kuanzia nyuzi 46 hivi. Ziweke kwenye boksi la bodaboda saa saba mchana kutoka Sinza hadi Mikocheni, uzipokee zimetoa jasho la mafuta juu.

SoyaTu (saa 4:15 asubuhi)
Usafiri ni asubuhi, bosi. Nani anasafirisha mishumaa saa saba?

Bwana_Sufuria (saa 4:17 asubuhi)
Foleni haijui kwamba ulitoka asubuhi.

Glasi60 (saa 6:30 mchana)
Kwa wanaoelekea chaguo A, hii ni taarifa ya kundi moja la glasi 60 lililoharibika. Naiweka kwa urefu kwa sababu kosa halikuwa kwenye kumimina.

Parafini kilo 10, stiarini (ya kuikaza nta) asilimia 10 juu yake, rangi ya unga inayoyeyuka kwenye mafuta, glasi 40 za zambarau na 20 nyeupe zisizo na harufu. Unga wa "UV" ulinunuliwa Kariakoo, kwenye mfuko wa plastiki usio na lebo, kwa maelezo ya mdomo kwamba ni wa mishumaa. Kipimo kilikuwa gramu 30, ukayeyuka vizuri kwenye nyuzi 80, bila mabonge wala mashapo. Zilipoganda, zile nyeupe zilikuwa nyeupe kupita kiasi, kama shati lililotiwa buluu baada ya kufuliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, lakini ilionekana kama sifa.

Baada ya wiki nne dirishani, upande unaotazama jua zile nyeupe zilikuwa na doa la njano lenye umbo la dirisha, na ukigeuza glasi upande wa nyuma ni weupe uleule wa mwanzo. Za zambarau zilipauka sawasawa na glasi ya kulinganishia ambayo haikutiwa unga wowote. Yaani unga haukufanya kazi hata kidogo, na umeongeza tatizo ambalo halikuwepo.

Ule haukuwa kichujio cha UV. Ulikuwa unga wa kung'arisha, wa aina ile inayowekwa kwenye sabuni za kufulia na karatasi nyeupe. Huo nao unameza UV, lakini unairudisha nje kama mwanga wa buluu, ndiyo maana nyeupe inang'aa. Kuilinda rangi hauwezi, na wenyewe unaharibiwa na jua, unabaki njano. Kichujio cha kweli kinameza UV na kuigeuza joto dogo lisilosikika.

Jinsi ya kuwatofautisha: tafuta taa ya kukagulia noti, ile ya zamani ya tyubu yenye urefu wa mawimbi wa nanometa 365. Vitochi vidogo vya LED vingi ni 395, vitakudanganya. Yeyusha gramu 1 ya unga kwenye gramu 100 za parafini isiyo na rangi. Dondosha tone nene kwenye karatasi nyeupe ya kuchapia, na pembeni yake tone la parafini tupu. Zima taa ya chumba, washa ya noti. Karatasi yenyewe itang'aa buluu, kwa kuwa nayo ina king'arishi. Chini ya tone la parafini tupu utaona karatasi inang'aa bado. Tone lenye kichujio cha kweli litaonekana giza, kama shimo kwenye karatasi. Tone lenye king'arishi litawaka kuliko karatasi. Dakika kumi, na taa unaazima kwa wakala wa pesa yeyote mtaani.

mgeni_wa_nta (saa 6:41 mchana)
Duka gani hilo Kariakoo? Taja tuliepuke.

Glasi60 (saa 6:44 mchana)
Sitaji duka. Muuzaji mwenyewe alikuwa na mfuko usio na lebo, huenda naye aliuziwa hivyo. Nunua penye jina la kemikali kwenye pakiti. Unatafuta benzofenoni au benzotriazoli. Ukikuta limeandikwa neno "UV" tu, rudisha.

Kemia_Changombe (saa 7:10 mchana)
Taarifa nzuri. Niongeze kipimo. Unga wa UV ni asilimia 0.2 hadi 0.5 ya uzito wa nta. Chukulia 0.3. Tambi hajasema uzito wa glasi, nakadiria gramu 180 kila moja. Zambarau 80 ni kilo 14.4 za mchanganyiko. Kwa manukato asilimia 8, nta ni kilo 13.3 hivi, na unga ni gramu 40. Gramu arobaini tu! Huhitaji kuutia kwenye zile 40 za vanila, kwa hiyo chaguo A ni dogo kuliko unavyoogopa. Tia unga kwanza nta ikiwa nyuzi 80 na ushee, koroga mpaka nta iwe safi kama maji, ndipo rangi, ndipo manukato.

Na usitegemee miujiza. Kichujio kinashughulika na UV. Mwanga wa kawaida unaoonekana nao unaua baadhi ya rangi, na huo hakizuii, kingezuia usingeiona zambarau yenyewe. Kinachopatikana ni muda zaidi.

Mizani_Tu (saa 7:25 mchana)
Hesabu yako ina utata. Asilimia 8 ya nini? Kama ni ya nta, kilo 20 za nta zinapata manukato kilo 1.6, jumla 21.6. Kama ni ya mchanganyiko wote, kwenye 21.6 hiyo hiyo manukato ni kilo 1.728 na nta ni 19.872. Tofauti ni gramu 128 za manukato kwenye oda nzima, na manukato ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote mezani.

Kemia_Changombe (saa 7:31 mchana)
Ya nta. Mafundi wengi wa hapa wanahesabu hivyo.

Mizani_Tu (saa 7:33 mchana)
Wengi wanahesabu kwa kifuniko cha chupa.

SoyaTu (saa 7:40 mchana)
😂😂

MamaAsmini (saa 8:15 mchana)
Tuzungumzie B, maana mnairuka. Glasi ya kahawia inazuia UV vizuri na sehemu ya mwanga wa buluu pia. Ndiyo maana dawa zinawekwa humo. Lakini zambarau ndani ya glasi ya kahawia inaonekana nyeusi kama majani ya chai. Mteja hataiona mpaka aangalie kwa juu. Sasa umelipia glasi 80 kulinda rangi isiyoonekana. B ni C iliyovaa koti la gharama.

Upande_wa_Jua (saa 8:30 mchana)
Au kinga iwekwe dukani badala ya kwenye glasi. Mwenye duka abandike tinti ya kuzuia UV kwenye dirisha lake. Ipo isiyo na giza, unaona ndani vizuri. Inalinda mishumaa, vitambaa, hata picha za kuchora. Na taa za ndani: kama ni za tyubu, hizo hutoa UV kidogo, na rafu ikiwa sentimita 20 chini ya tyubu saa kumi na mbili kwa siku, inajumlika. LED za kawaida hazitoi karibu chochote.

Tambi_Sinza (saa 10:05 alasiri)
Wakuu nimesoma yote. Nimemuuliza mwenye duka, dirisha lake linatazama barabarani, yaani magharibi. Glasi ni gramu 200. Sufuria ni ya chuma, ile nzito, kwenye jiko la gesi moja kwa moja. Kwa upande wa manukato, ile ya vanila imechanganywa na karafuu kidogo kutoka Zanzibar ili isiwe tamu sana.

Bwana_Sufuria (saa 10:11 alasiri)
Haya! Tungeyajua jana.

Karafuu kwenye sufuria ya chuma. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa ni eugenoli, na eugenoli ikikutana na chuma inachafuka, zaidi pakiwa na kutu hata ya kukwaruza. Vanilini nayo ni ya ukoo huohuo wa fenoli. Kwa hiyo ile "chai ya maziwa" yako huenda vanilini ni nusu ya kesi. Acha chuma, acha shaba. Tumia aluminiamu au stenlesi.

Halafu gesi moja kwa moja. Angalia chini ya sufuria ukimaliza kumimina: ukikuta duara la njano lenye umbo la mwali, nta iliungua pale huku kipimajoto juu kinasoma 80. Kalisha sufuria ndani ya maji yanayochemka taratibu, haitapita 100 hata ukisahau. Parafini ikikaa juu ya hapo muda mrefu inaanza njano yenyewe, kabla hujatia chochote. Na rangi ya unga inapikika vilevile. Usiache sufuria yenye rangi jikoni saa nzima ukisubiri glasi zikauke.

Glasi60 (saa 10:20 alasiri)
Na hizo slabu. Parafini iliyosafishwa kikamilifu ina mafuta asilimia 0.5 au pungufu. Iliyosafishwa nusu ina zaidi, nayo ni ya bei nafuu, na inageuka njano juani hata bila harufu wala rangi. Kata kipande chembamba, kiweke katikati ya karatasi mbili za tishu, gandamiza na kitu kizito usiku kucha. Doa la mafuta likibaki kwenye tishu, umeuziwa ya nusu.

Kemia_Changombe (saa 10:45 alasiri)
Kwa zile 40 za vanila, njia ni tatu, na hakuna iliyomo kwenye A, B wala C yako:

Kwanza, manukato ya vanila yasiyo na vanilini. Muuzaji akupe karatasi ya maelezo yenye asilimia ya vanilini na ya ethili vanilini, maana hiyo ya pili inakoleza zaidi. Sifuri ndiyo unayoitaka. Chini ya 1 tarajia rangi ya malai, kuanzia 5 jiandae kwa kahawia.

Pili, kiimarishi cha vanila, yaani dawa ya kuzuia vanilini isikoleze. Unaanza na nusu ya uzito wa manukato, unachanganya na manukato kwanza, unaacha yakae, ndipo yanaingia kwenye nta. Soma lebo, cha sabuni si lazima kiwe cha mshumaa. Nacho kinachelewesha tu, juani kinashindwa mapema.

Tatu, kubaliana nayo. Tia rangi ya karameli toka mwanzo, iite vanila na karafuu. Ikikolea hakuna atakayejua.

MamaAsmini (saa 11:02 jioni)
Hiyo ya tatu ndiyo ya mtu mzima. Na asifikirie kukimbilia asmini badala ya vanila. Asmini ya kweli ina indoli, inageuza nta nyeupe kuwa na upinki wa ajabu, kisha uhudhurungi. Mlangilangi una afadhali. Mchaichai unaleta umanjano.

Nyuki_wa_Tabora (saa 11:10 jioni)
Ambao kwenye nta ya nyuki hauonekani. Nasema tu.

Tambi_Sinza (saa 1:30 usiku)
Kwa hiyo naona: vanila naigeuza karameli, nikikubaliwa. Zambarau niko kati ya A na tinti ya dirisha. Mwenye duka hajajibu kuhusu tinti, anasema kioo si chake, ni cha mwenye nyumba.

Bwana_Sufuria (saa 1:36 usiku)
Rangi yako ya unga umeipima? Tia punje chache kwenye parafini ya moto iliyo kwenye glasi safi, usikoroge tena, subiri dakika tano, mulika kwa tochi kwa pembeni. Ikiwa imeyeyuka, glasi nzima ina rangi moja. Ukiona vumbi limelala chini ni pigmenti, na maneno yote ya UV hapa hayakuhusu. Utakuwa na tatizo la utambi.

Tambi_Sinza (saa 1:40 usiku)
Kesho asubuhi.

mgeni_wa_nta (saa 1:52 usiku)
Samahani kuingilia. Mishumaa ya kufukuza mbu ya mchaichai, nikitia rangi ya kijani, itabaki kijani? Ni ya kuuza baa ya nje, Kigamboni.

MamaAsmini (saa 1:58 usiku)
Fungua uzi wako, baba. Kijani ni buluu na njano. Buluu ikiondoka na mchaichai ukiongeza njano, utauza mishumaa ya njano.

Bwana_Sufuria (saa 2:03 usiku)
Nta gani?

mgeni_wa_nta (saa 2:05 usiku)
Ya kawaida.

Upande_wa_Jua (saa 2:20 usiku)
Baa ya nje haina dirisha la kubandika tinti. Ziwekwe kwenye boksi mchana, zitoke saa kumi na mbili jioni. Zifungwe kwa karatasi ya kaki isiyo na maandishi. Gazeti hapana, wino wake unahamia kwenye nta.

Glasi60 (Jumatano, saa 1:15 asubuhi)
Tambi, hata ukienda A, zitoe glasi mbili kwenye kundi la kwanza usizitie unga, uzibandike namba, ukae nazo dirisha la magharibi lilelile. Bila za kulinganishia hutajua kama gramu zako 40 zimefanya kazi au ni msimu wa mawingu tu. Na kwa glasi za gramu 200 si 40 tena. Nta ni kilo 14.8, unga ni gramu 44.

Mizani_Tu (saa 1:22 asubuhi)
44.4.